Hodi Kabla ya Klachi

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi magari, mtu asiyesadiki kitu asichoweza kukifungua kwa spana. Alirithi gari la mbio la kaka yake marehemu, la gia za mkono. Kaka mtu alikuwa na mazoea yake: kabla ya kuachia klachi, lazima agonge kichwa cha gia, pale kiganja kinaposhika, kwa pete yake, mara mbili. "Barabara ina wenyewe," alikuwa akisema. "Piga hodi kwanza." Alipofariki, mama yao alikiomba kichwa kile cha chuma, akakifungia kabatini pamoja na pete. Fundi akafunga cha mpira.

Jioni moja alikwenda kujaribu gari linavyoondoka, simu ikirekodi kitini ili baadaye ausikilize mlio wa injini. Mara ya kwanza alizidisha mafuta, matairi yakazunguka bure. Ya pili aliyapunguza mno, injini ikazimika. Ya tatu gari lilichomoka hadi shingo ikamuuma.

Aliporudi gereji, umeme ulikuwa umekatika. Akakaa gizani kusikiliza. Ya kwanza, injini tu. Ya pili, injini tu. Ya tatu, kabla klachi haijaachiwa: ko, ko. Chuma kwa chuma.

Akampigia mama yake, akamwomba aangalie kama kichwa cha gia bado kipo. Mama alikawia kurudi kwenye simu.

"Kipo, mwanangu," alisema taratibu. "Ila kina joto, kama kimetoka mkononi mwa mtu sasa hivi."