Hopsi Zilizooza

"Chagua basi, sufuria inachemka!"

Mke alimsogezea mumewe mifuko miwili ya hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Mume, mpishi wa bia, akachota za kila mfuko, akazisugua viganjani, akanusa. Akanusa tena.

"Hizi za kushoto. Zinanukia chungwa."

Za kushoto zilikuwa zimeingia maji na kuoza. Zilinuka kama soksi za mlinzi.

"Unanitania?"

"Nakutania nini tena?"

"Baba watoto, nimechoka. Juzi mboga imeungua mpaka jirani kakohoa, wewe ukala ukasifu. Najipaka marashi, unanipita kama nguzo. Kama kuna mwingine, sema tu nipumzike."

Simu ya mke ikatoa mlio wa ujumbe pale mezani. Mume akausoma kabla yake. Ulitoka kwa dada wa mke: "Umeshafungasha? Shemeji yako anakuja na gari."

Mume akakaa juu ya gunia la shayiri.

"Unaondoka?"

"Naondoka. Hunitazami hata kidogo."

"Sisikii harufu ya kitu, mke wangu. Tangu ile homa. Si hopsi, si marashi, si mboga."

"Acha uongo! Na bia zote tulizouza ulichaguaje?"

"Nilikuwa nakutazama usoni. Ukikunja pua kwa mfuko huu, nachukua ule. Leo umenuna tangu asubuhi, nimekosa pa kusoma."

Mke akataka kucheka, machozi yakawahi. Kumbe miezi yote aliyolia jikoni peke yake, kuna mtu alikuwa anaukariri uso wake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mpishi asiye na pua ni mpishi gani? Niliogopa utaniona si kitu."

"Mficha maradhi wewe!"

Akapiga simu. "Dada, mwambie shemeji arudi... Hapana, hajaomba msamaha. Anaumwa, na mimi nimechoka. Tutaongea."

Akatupa za kushoto kwenye pipa la taka, akamimina za kulia sufuriani, akakoroga taratibu. Kisha akajiketisha kwenye gunia lilelile, bega kwa bega na mumewe.

"Kesho hospitali. Na ukinificha kitu tena, hutahitaji pua kujua kwamba nimeondoka."