Mguu Ulioshika Klachi ya Urho

Mimi ndiye niliyemuuzia Urho Kangas ile masta silinda, pampu ya mafuta ya klachi, kwa mkono wangu huuhuu, kwa hiyo asikudanganye mtu yeyote hapa kwenye migodi ya shaba kwamba anaijua habari hii kunishinda.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mwaka themanini na saba, gia za mkono, kutu mpaka rohoni. Urho alitaka ipone kabla ya Jumatatu. Jumatatu saa moja asubuhi binti yake, Kaarina, alikuwa anaanza kazi ya uuguzi hospitali ya mjini, maili arobaini za theluji, basi hakuna, na mkubwa wake alishamwambia: ukichelewa siku ya kwanza, ya pili usijisumbue.

Jumamosi mchana kila kitu kilikuwa kimefungwa. Masta juu nyuma ya pedali, silinda ndogo chini kwenye giaboksi, bomba jipya katikati. Kilichobaki ni kutoa upepo kwenye mafuta ya bomba, na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini ya gari na spana, mwingine anakaa kwenye usukani. Wa chini anaita "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga, anajibu "Nimeshika!" Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka na mapovu yake, anafunga, anaita "Achia!" Mnarudia hivyo mpaka mapovu yaishe.

"Baba, mguu umekufa ganzi," Kaarina alilalamika huko juu.

"Utaweza kuuguza watu wewe, mguu tu unakushinda? Kanyaga!"

"Nimeshika!"

Raundi ya saba, jibu lilichelewa kidogo. Lilikuja zito, kama la mtu mwenye maji kinywani. Urho akadhani ni mafua. Kisha akasikia harufu, na haikuwa ya mafuta ya breki. Ilikuwa ya jiwe bichi, ile inayopanda kutoka mashimo ya zamani ya mgodi theluji inapoyeyuka. Gereji yake imejengwa juu ya shimo namba nne, lililozibwa enzi za babu yake. Nusu ya nyumba zetu ziko hivyo, hatulalamiki.

Mafuta yakaanza kutoka safi, bila povu hata moja, kwa nguvu.

"Hapo sasa, mwanangu! Ya mwisho. Kanyaga!"

"Nimeshika."

Akafungua, akafunga, na kabla hajatamka neno la kuachia mlango wa gereji ukalia, akaona buti za Kaarina zikiingia kutoka uani.

"Samahani baba, mama aliniita nikakoleze moto wa mvuke kule sauna. Nilikuaga, hukusikia? Haya, tuendelee?"

Urho alilala palepale na spana mkononi, akizitazama zile buti zilizokuwa mlangoni wakati juu yake kiti cha dereva kilikuwa kinalia taratibu, kwii, kwii, kama kiti kinavyolia mtu mzito akijiweka sawa ili mguu usichoke. Alipojikokota nje akakuta kiti kitupu, kimebonyea, na pedali imelala sakafuni.

"Baba," Kaarina alinong'ona. "Nani amekanyaga?"

"Springi tu. Nenda ndani."

Haikuwa springi. Aliivuta pedali kwa mikono miwili, haikupanda. Akaichomoa kwenye masta ile fimbo inayosukumwa na pedali, na pedali, ambayo sasa haikushikana na chochote duniani isipokuwa pini yake, ikaendelea kulala sakafuni huku harufu ya shimoni ikizidi, na vioo vyote vya gari vikafunga ukungu kwa ndani, na ukungu huo ukawa unatanda na kupungua, unatanda na kupungua, kwa mwendo uleule wa pumzi ambazo Urho alikuwa anazisikia karibu na sikio lake ingawa mwenyewe alikuwa amezibana zake.

Akapiga kelele "Achia! Achia, shetani wee!" Hakuna kilichosogea.

Wakamwita Hulda Mattila, mwanamke anayewaumika watu damu kwa chuku kwenye sauna na kuwatoa vitu vingine ambavyo daktari havioni. Alifika na mkoba wake, akasimama mlangoni mwa gereji, akanusa, akacheka.

"Urho, we mzee mjinga. Unaita bila kutazama kama kuna mtu juu?"

"Nilijua ni mtoto."

"Wachimbaji waliofia chini huko walifundishwa kuitikia wakiitwa. Umeita, ameitika. Kakufanyia kazi, tena nzuri. Wewe ukamshukuruje?"

Urho akaiweka spana chini.

"Umemtukana! Tangu lini mtu anakusaidia gari lako halafu humkaribishi kahawa? Hata yule mlevi aliyekusukumia gari mwaka jana ulimpa kahawa na mkate wa iliki. Huyu hatatoka kwenye kiti mpaka apelekwe mezani."

"Mezani kwangu?" alidakia Sylvi, mkewe. "Hulda, una wazimu! Mmwagie kikombe hapohapo gereji!"

"Kahawa ya gereji ni ya mbwa. Anaingia nyumbani, au Jumatatu anaenda mjini na binti yenu, amekaa kwenye kiti kimoja naye. Chagueni."

Sylvi alimtazama Kaarina, akajifuta macho na aproni, akaenda kuteleka birika.

Urho alivua kofia. "Ahsante kwa kazi, ndugu. Achia sasa. Karibu ndani, kahawa iko tayari."

Pedali ikapanda polepole. Kiti kikalia mara moja. Halafu sakafuni, kutoka kwenye gari hadi mlango wa jikoni, zikatokea nyayo za maji, za buti moja na mguu mmoja peku, zikapita katikati yao na ubaridi wa shimo, na mezani kiti cha dirishani kikajivuta chenyewe.

Jumapili Urho aliirudisha ile fimbo mahali pake. Jumatatu saa moja kasoro robo Kaarina alipiga simu kutoka hospitali. "Nimefika, baba. Gia zinaingia kama siagi!" Urho alilia, na mwanaume yule sijawahi kumwona akilia.

Lakini huku kwetu mgeni hafukuzwi mezani. Ataaga mwenyewe akitosheka, na huyu hajaaga.

Nilikwenda kuwatembelea wakati wa Pasaka. Mimi siogopi kitu, nimewahi kumfukuza dubu kwa ufagio, waulize. Nikaingia, nikajitupa kwenye kiti cha dirishani kabla Sylvi hajawahi kupiga ukelele. Suruali ikaloa hapohapo, baridi mpaka kwenye mfupa, na mkono mzito, mpole, ukanigusa begani mara mbili, kama mtu anavyomgusa mwenzake aliyemkalia nafasi.

Nikahama. Na nikamwomba radhi.