Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Yaliyompata wifi yangu Coletha nimeyasikia yakisimuliwa vibaya mara nyingi kwenye shughuli za Watanzania huku Sydney, na watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Kwa hiyo nayasimulia mwenyewe, pamoja na makosa yangu, na asiyetaka kuamini shauri yake.

Ilikuwa Jumanne mchana, jua linawaka vizuri. Nilitoka Minto, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda treni hadi Granville na dagaa wa kukaanga kwenye mfuko. Kaka yangu Ludovick na mkewe Coletha wanakaa pale, ghorofa ya pili. Nikiwa bado kwenye ngazi nilimsikia mtoto akilia. Haikuwa habari mpya. Alikuwa na wiki tano na siku kadhaa, na sidhani kama aliwahi kunyamaza saa mbili mfululizo tangu azaliwe. Madaktari walimpima wakasema ni mzima, ana mapafu mazuri tu.

Hakuwa na jina. Sisi ni watu wa Musoma, na katika ukoo wetu mtoto anayelia namna hiyo anadai jina. Kuna marehemu anataka kurithiwa. Basi wakubwa hukaa wakataja majina ya waliotangulia, moja moja, na lile ambalo mtoto atalinyamazia ndilo lake. Kazi hiyo ni ya bibi na shangazi, na shangazi ndiye mimi. Mama yetu alikuwa Musoma, anataja kwa simu: Nyanjura, Nyasatu, Nyangeta, mpaka dada wa babu ambaye hatukuwahi hata kuiona picha yake. Mtoto alizidi kulia. Tuliumaliza ukoo wetu, tukaumaliza wa akina Coletha, na serikali ya huku inataka mtoto asajiliwe kabla ya siku sitini.

Coletha naye alikuwa na kazi ya watu mkononi. Kazi yake ni kufuatilia koo za zamani. Mzungu anataka kujua babu wa babu yake alikuwa nani, enzi za Malkia Victoria au za mwanawe Edward, basi Coletha anazama kwenye vitabu vya parokia na magazeti ya wakati ule, anamtafutia nani alibatizwa, nani alioa, nani alizikwa lini. Nilikuwa namtania kwamba amewaacha wafu wa kwao anahangaika na wafu wa watu. Hati za makasisi wale ni mbaya, herufi zimelaliana, kwa hiyo ana tabia ya kusoma kwa sauti ili asikie kama jina linaleta maana.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulisoma majina ya wafu kwa sauti mbele ya mtoto anayelilia jina. Tulikuwa watu wazima wawili, tumelelewa na mila ileile, na hakuna aliyekumbuka, kwa sababu wafu wale walikuwa Wazungu. Tuliona hawatuhusu.

Alikuwa kwenye ukurasa wa maziko wa mwaka 1897, macho kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto kwenye kochi, analia mpaka kidevu kinatetemeka.

"Thomas Pike, miaka arobaini na miwili," alisoma Coletha. "Susannah Dray, miaka sitini. Edith Maud Hallam, wiki saba."

Mtoto alinyamaza. Hakupunguza kwanza, wala hakupata kwikwi. Kilio kilikatika katikati, mdomo ukabaki wazi. Kisha akageuza macho taratibu, akatazama mlango.

Tuliangaliana. Mimi nilicheka kwa furaha, nakiri. Coletha hakucheka. Alijaribu majina mengine matatu ya ukurasa uleule, na mtoto hakuyajali. Akarudia lile moja, kwa sauti ya chini, na mtoto akatabasamu kuelekea mlangoni. Siku ile tulikula tumekaa, wote, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano.

Kaka yangu aliligeuza jina lile dawa. Mtoto akianza tu kukunja uso, anamwinamia: "Edith Maud," na kimya kinatanda. Mama alipoambiwa aliguna, akafikiri, akasema kwamba wafu ni wafu, mtoto amechagua, mpeni. Na mimi shangazi, mwenye kauli, nilisema hivyohivyo. Nilisema, wifi, mpe jina lake tulale. Neno hilo bado linanikaa kooni.

Wiki ya sita walimpeleka kuchanjwa. Sindano iliingia, na mtoto hakulia. Nesi alimsifu: "What a good girl." Coletha alirudi nyumbani amekunja ndita.

"Wifi, hajalia," aliniambia jikoni.

"Si ndiyo tulikuwa tunaomba?"

"Hajalia na njaa pia. Tangu juzi. Namwamsha mimi."

Nilimchukua mtoto nimbembeleze. Alikuwa mwepesi kuliko wiki iliyopita. Nilidhani ni mikono yangu tu, lakini mizani ya kliniki nayo ilisema hivyo, na daktari akaandika vipimo na kusema wasubiri majibu. Alikuwa hakuangalii usoni. Alikuwa anaangalia juu ya bega lako, mahali ambapo uso wa mtu ungekuwa kama angesimama nyuma yako. Viganja vyake vilikuwa baridi.

Coletha hakulia wala hakuita watu wa maombi. Alikaa kwenye kompyuta. Alisema kama kuna mtu anamtaka mwanawe, yeye ndiye anayejua namna ya kumtafuta mtu huyo. Kwa siku tatu alipekua ubatizo, maziko na magazeti, mtoto amefungwa kifuani kwa khanga, na kila baada ya muda anaweka kidole chini ya pua yake asikie pumzi.

Siku ya tatu aliniita nikae karibu naye. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Mwaka 1888, familia ya Hallam walibatiza mtoto, Edith Maud. Akafa. Zamani Wazungu walikuwa wanafanya hivyo, wifi. Mtoto akifa, anayefuata wanampa jina lilelile. 1890 walibatiza Edith Maud mwingine. Akafa. 1893, mwingine. Huyu wa 1897 ni wa nne."

"Walikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakuna anayejua. Angalia umri."

Nilitazama. Wiki saba. Wiki saba. Wiki saba. Wiki saba. Makasisi walikuwa wawili tofauti, hati tofauti, na wote waliandika jambo lilelile.

Kisha alinionyesha gazeti. Baada ya kifo cha nne kulikuwa na uchunguzi, na majirani waliitwa kutoa ushahidi. Mmoja baada ya mwingine walisema kwamba hawakuwahi kumsikia mtoto yule akilia. Mama yao, Harriet Hallam, aliulizwa kama alimdhuru. Alijibu kwamba hajawahi kuwa na watoto wanne. Ni mtoto mmoja, alisema. Nikimwita anakuja.

"Alikufa 1904," Coletha alisema. "Gazeti linasema mpaka dakika ya mwisho alikuwa anamwita."

Nilimtazama mtoto kwenye khanga. Alikuwa macho. Alikuwa anatabasamu, lakini si kwetu. Siku yake ya kutimiza wiki saba ilikuwa kesho.

Kesho yake nilipiga simu kazini kwamba naumwa, nikaenda Granville asubuhi. Ludovick alikuwa mezani na laptop, fomu ya usajili imefunguka mbele yake. Hakutaka kusikia habari ya magazeti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, mimi nimechoka na haya mambo. Mama amesema ni jina lake. Na-fill form, na-submit, mtoto anakuwa na birth certificate kama watoto wengine. Labda akipewa rasmi ndiyo atapona."

"Usibonyeze," Coletha alisema. Alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kochi. Mtoto nilikuwa nimempakata mimi.

Ilikuwa saa sita mchana. Mapazia yalikuwa wazi. Chini barabarani lori lilikuwa linarudi nyuma, linapiga ule mlio wake.

Sauti ikatoka jikoni.

"Edith Maud," iliita. Sauti ya mwanamke. Ya upole, kama ya mama anayemwita mtoto aje kula.

Nilidhani ni Coletha. Kisha nikakumbuka bega lake limegusana na langu.

Ludovick aliinua mikono kutoka kwenye laptop. Aliisikia. Jikoni hapakuwa na mtu. Tulikuwa tunaiona jikoni yote kutoka pale, sinki, jiko, friji.

"Edith Maud."

Sasa ilikuwa mlangoni. Hakuna aliyesimama mlangoni.

Mtoto aliinua kichwa. Mtoto wa wiki saba, shingo haijakomaa, aliinua kichwa chote kutoka mkononi mwangu akatazama mlango. Akacheka. Akanyoosha mkono. Kisha akalegea.

Nilimwita. Hakuna. Nilimpiga mgongoni. Hakuna. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Ludovick alikuwa anabonyeza namba za ambulensi na vidole vinakosea.

Coletha alimchukua mikononi mwangu. Akasimama. Wote tulikuwa tunanong'ona katika nyumba ile kwa karibu wiki mbili, bila kuambizana. Yeye hakunong'ona.

"Mama Hallam," alisema kwa Kiswahili, akiutazama mlango. "Pole. Nimewasoma watoto wako wote wanne, na nimewalilia. Lakini huyu si wako. Huyu nimembeba mimi, nimempasukia mimi. Hujamzaa, humjui, na humpati."

Kitu kilikaribia. Siwezi kusema kingine. Nywele za mikononi zilinisimama, na harufu ya nguo zilizopigwa pasi ya mkaa ikajaa sebuleni.

"Huyu siye Edith," Coletha aliendelea, sauti inapanda. "Wala siye Nyanjura, wala Nyasatu, wala marehemu yeyote wa kwetu. Hamrithi mtu. Mimi mama yake nampa jina ambalo hakuna maiti amewahi kulivaa. Anaitwa Siachi. Umesikia? Siachi. Na mimi siachi."

Kisha alimfinya mtoto unyayoni kwa kucha, kwa nguvu, mpaka mimi nilitaka kumzuia.

Siachi akalia.

Hakijawahi kuwepo kilio kizuri namna ile. Alilia akawa mwekundu, akalia akapiga mateke, na harufu ikaondoka. Ludovick alikaa chini sakafuni akalia naye. Waliokuja na ambulensi walimpima wakasema moyo uko sawa. Walipoondoka Ludovick aliifuta fomu yote, akaanza upya, na mara hii nilimsimamia mimi herufi kwa herufi.

Jioni ile mtoto alikuwa bado analia wakati Bahizire, Mkongo wa ghorofa ya chini, alipogonga. Alikuwa na kawaida ya kulalamikia kelele, hivyo nilifungua mlango nikiwa tayari kugombana.

"Mtoto analia leo," alisema, akitabasamu. "Merci Mungu. Siku zote hizi tulikuwa tunasikia tu ule mama muzungu anaimba."

"Mama gani?" nilimuuliza.

Alituangalia sisi watatu. Tabasamu likamwisha, akaaga, akashuka ngazi haraka.

Mama yetu kule Musoma alikasirika sana. Alisema mtoto hawezi kuvaa jina lisilo na mwenyewe. Coletha alichukua simu, akamjibu kwa heshima zote: "Ndiyo maana nimelichagua, mama." Miezi miwili hawakuzungumza. Mtoto aliendelea kulia miezi yote hiyo, usiku na mchana, na hakuna mtu aliyemnyamazisha kwa jina lolote. Tulimbeba, tukazunguka naye sebuleni, tukachoka kama watu wengine wanavyochoka. Mimi nilimwomba wifi yangu msamaha. Alinisamehe, lakini alinifanya niombe mara mbili.

Sasa Siachi ana miaka mitatu, mnene, mbishi. Kiswahili anaelewa chote ila anajibu Kiingereza. Mwezi uliopita nilimchukua tukaenda mjini. Ilikuwa saa tano asubuhi, behewa karibu tupu. Tulipoipita stesheni ya Auburn akaziba masikio.

"Aunty," alisema. "The lady keeps saying the wrong name."

"Mwanamke gani, mwanangu?"

Alionyesha kiti cha mbele yetu. Hakikuwa na mtu. Hatukuwahi kumwambia chochote, na hakuna mtu nyumbani anayelitamka jina lile.

Nilisikia baridi inapanda mgongoni. Halafu nikasikia hasira, na hasira ikashinda. Safari ile nilisema apewe jina lake tulale. Safari hii nilimweka mtoto nyuma yangu nikasogea mpaka magoti yangu yakakaribia kiti kile.

"Siye," nilisema kwa sauti, na kijana wa viti vya nyuma akavua vipokea sauti vyake vya masikioni anitazame. "Umeshaambiwa na mama yake, na mimi shangazi nakuambia. Anaitwa Siachi. Stesheni ya mbele ni Lidcombe, kwenye yale makaburi makubwa. Shuka."

Treni ikapunguza mwendo. Ikasimama. Milango ikafunguka, na hakuna aliyepanda.

Kitambaa cha kiti kile kilikuwa kimebonyea, na hilo sikuwa nimeliona mpaka kilipoanza kunyanyuka, polepole, kikawa sawa.

Milango ilifungwa. Siachi alitoa mikono masikioni, akaomba biskuti. Nikampa. Kisha nikaweka kiganja pale kwenye kiti.

Kilikuwa na joto.