Kilicholazwa Juu ya Kitambaa

Kitambaa kilikuwa hakishiki uchafu. Mtu akitaka kujua balaa lilianzia wapi, lilianzia hapo, na lingeishia hapo hapo kama Munira angekuwa mtu wa kushtuka. Alipanga juu yake masufuria yenye mafuta ya kiwandani, akayapiga picha, akayaondoa, kitambaa kikabaki cheupe pe. Akapanga viatu vya mtumba vyenye udongo mwekundu kwenye soli, bado pe. Hata chai ya mwanawe ilipomwagika iliteleza tu, ikaishia sakafuni. Mwingine angekikunja akakirudisha kilikotoka. Munira alicheka peke yake, akasema, "Angalau sabuni nimeokoa."

Munira alipanga vyumba viwili pale Manundu, Korogwe mjini, yeye na binti yake Tatu wa miaka minne. Na mumewe walishaachana. Kilichowalisha ni simu yake. Wenye maduka ya mtandaoni walimletea bidhaa kwa magunia, naye akatandika kitambaa cheupe juu ya meza karibu na dirisha, akapiga picha kimoja kimoja mpaka gunia linaisha. Kisha aliziingiza picha zote kwa mkupuo kwenye programu inayofuta kila kilicho nyuma ya bidhaa, na kiatu kikatoka kimekaa peke yake katikati ya weupe kama cha dukani Dar es Salaam. Vitambaa ndivyo vilimtesa. Kila alichonunua kilijikunja na kuleta vivuli, programu ikachanganyikiwa, ikala visigino vya viatu vya watu.

Mpaka alipokipata hiki. Kilikuwa cha bibi yake, Bibi Mwanaisha wa Kwamsisi kule Handeni, aliyefariki mwezi mmoja baada ya Idi. Siku ya arobaini wajukuu waligawana vyombo, ila sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda kila mtu alilikwepa kwa mguu na hakuna aliyesema kwa nini. Munira alilifungua wengine wakiwa uani. Ndani mlikuwa na kisahani, chupa tupu ya marashi, na kitambaa kikubwa cheupe kinachonukia udi. Aliona haya kuomba kitu cha marehemu kwa ajili ya biashara, basi akakisokomeza chini kabisa ya mkoba wake na hakumwambia mtu.

Mzigo wa kwanza kukipitia ulikuwa wa Yuditha, dada mmoja mchangamfu ambaye babu yake aliletwa na kazi ya mashamba ya mkonge na yeye akabaki na biashara. Kulikuwa na masufuria, viatu, pochi, mikanda, na mwisho gunia la nguo za watoto. Picha zilitoka nzuri mno, Yuditha akapata oda kutoka kila upande. Siku chache baadaye Munira alikuta picha ya sufuria ya kwanza imekuwa nyeupe tupu. Akailaumu programu, akasema imefuta sufuria pamoja na nyuma yake.

Halafu Yuditha akaja mwenyewe, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama Tatu, mimi na wewe tumeheshimiana. Mteja wa Dodoma kafungua boksi, sufuria haimo. Wa Arusha, viatu havimo. Gundi ya boksi iko vilevile. Niambie, nani anagusa mzigo wangu?"

"Dada Yuditha, mzigo si nilikurudishia wote ukauhesabu?"

"Niliuhesabu." Yuditha akashusha pumzi, akatoa kwenye kapu boksi lililofungwa. "Hii pochi nimeifunga asubuhi kwa mkono wangu. Nimelisikia boksi limekuwa jepesi nikiwa njiani. Nifungulie, mimi naogopa."

Munira akakata gundi kwa kisu. Ndani hamkuwa na pochi. Ulitoka ubaridi kidogo na harufu ya udi, nzito, ikajaa chumbani. Yuditha alijipiga ishara ya msalaba, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaenda zake bila hata kuchukua kapu lake.

Munira alibaki amekaa. Akafungua simu, si kwenye programu, kwenye picha zenyewe alizopiga kwa mkono wake. Sufuria zote nyeupe. Viatu, nyeupe. Pochi ya mwisho aliitazama ikififia pale pale mbele ya macho yake mpaka ikabaki weupe. Picha iliyofuata, ya mkanda wa kahawia, ilikuwa nzima bado. Basi ndivyo kitambaa kilivyokuwa kikienda, kwa mpangilio ule ule aliovilazia vitu yeye, kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Akapitisha kidole mbele kuona kinaelekea wapi. Mikanda. Soksi za watoto. Fulana. Kisha kidole kikasimama chenyewe.

Kwenye picha hiyo Tatu alikuwa amelala chali juu ya kitambaa, kavaa gauni la njano, anacheka.

Yuditha alitaka gauni lile lionekane mwilini, na Tatu hakuwa mtoto wa kusimama akatulia. Munira alimbeba akamlaza pale, akapanda kwenye stuli, akampiga picha kutoka juu. "Lala hapo, mama, kama umelala kweli," alimwambia, na mtoto akafumba macho kwa mzaha.

Jua lilikuwa utosini, mtaa mzima umenyamaza kwa joto. Munira alikuwa ameshakikunja kitambaa kile na kukitupia juu ya kabati. Sasa kutoka chumba cha pili, chumba ambacho hakikuwa na mtu kwa sababu Tatu alikuwa amelala hapa hapa kwenye mkeka mbele yake, akasikia kiganja kikipita juu ya nguo, taratibu, kwa uangalifu, mtu anayenyoosha mikunjo kutoka katikati kwenda pembeni, akifika ukingoni anatulia kidogo, kisha anarudi kuanza upya. Alipochungulia hakuona mtu. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa mezani.

Alikipeleka uani akakimwagia mafuta ya taa, akakiwasha. Moto uliwaka juu yake, ukaisha, nacho hakikupata hata doa. Hapo ndipo Munira alipolia kwa sauti, akampigia Mjomba Mbwana, kaka wa mama yake, aliyebaki kwenye nyumba ya Bibi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti iko hivyo?"

"Mjomba, kile kitambaa cha Bibi kiko kwangu."

 Mbwana alinong'ona, na huyu ni mtu ambaye sauti yake husikika mashamba mawili mbele. "Mtume! Munira, bibi yako alikuwa na jini. Alimlea tangu hatujazaliwa, na alipokufa hakuna aliyekubali kumrithi. Kitambaa hicho ndicho anacholia chakula chake. Bibi alikuwa akiweka halua na mayai, anatoka chumbani, hagusi tena. Kitu kikilazwa pale ni chake. Wewe uliweka nini?"

"Niliweka bidhaa za watu."

"Ukaziondoa?"

"Niliziondoa. Anazifuata, mjomba. Zinaondoka moja moja."

"Basi mwache amalize vyake, vya watu tutalipa. Mbona unalia?"

Hakuweza kulitamka jina la Tatu mara ya kwanza. Mara ya pili alilitamka, na Mbwana akakata simu bila kuaga. Baadaye akapiga tena kumwambia kesho asubuhi na mapema ampitie Mzee Semboja, mganga wa Kwashemshi, amshike hata miguu, waje wote Kwamsisi na kile kitambaa.

Semboja alikuwa mzee mkavu, mpole, mwenye kofia iliyofumwa na vidole vilivyotiwa rangi na zafarani ya kuandikia makombe, aya zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Aliitazama simu, akamtazama mtoto, akavaa viatu. Walipofika Segera mikanda yote ilikuwa imekwisha. Munira alikuwa amempakata Tatu, amemfunga kifuani kwa kanga mbili ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kubebwa hivyo, na kila basi liliposimama alifungua simu, akaona weupe umesogea, akafunga, akaapa hatafungua tena, akafungua. Mkata wakachukua pikipiki mbili, na kwenye ile njia ya vumbi kati ya mashamba ya mahindi soksi zikaisha, fulana zikaanza, naye akawa anamwomba Mungu, akimwomba Bibi, akimwomba hata huyo asiyemjua, amchukue yeye, amchukulie macho, amchukulie mikono iliyomlaza mtoto pale, mradi kidole chake kikifika kwenye gauni la njano kikute gauni la njano.

"Wengine huitwa usiku kwa ngoma," Semboja alisema walipoingia uani. "Huyu wenu ni wa mchana. Fanyeni haraka, jua linapanda."

Walitandika kitambaa katikati ya chumba cha Bibi. Semboja akafukiza ubani na udi, akamnywesha Tatu kombe, akaanza kusoma. Mbwana alikaa mlangoni. Fulana ya mwisho ikafifia kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Munira, na papo hapo mwili wa Tatu ukawa mzito kifuani kwake, ukawa mzito wa kumvunja magoti, mpaka akaketi.

"Asalaam aleikum," akasema Tatu. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya upole, isiyo na haraka.

"Waleikum salaam," Semboja akajibu. "Tunakuomba radhi. Hawa hawakujua."

"Mimi sikuiba kitu. Nimepewa. Mwanamke huyu alimlaza kwa mikono yake."

"Nichukue mimi!" Munira akapiga kelele. "Panda kwangu, niwe kiti chako mimi, nikulishe, nikutumikie. Mwache mwanangu!"

"Wewe hukulazwa." Macho ya mtoto yakamgeukia, na yalimtazama kwa huruma, ndilo jambo lililomtisha kuliko yote. "Unataka nini, mama?"

"Nataka nirudi nyumbani na mwanangu."

"Utarudi na mtoto," ikasema sauti. "Nirudishieni kitambaa changu kwenye sanduku. Mkifukie, mnisahau."

Mwili ukawa mwepesi. Tatu akapiga chafya, akasema ana njaa. Mbwana akaanguka kusujudu, Semboja akafuta jasho akisema amekubali, amekubali, alhamdulillahi, upesi jamani kabla hajabadili nia. Wakakikunja kitambaa, wakalipigilia sanduku misumari, wakachimba nyuma ya nyumba. Semboja akaonya kwamba likishashuka halifunguliwi, atakayelifungua amevunja ahadi.

Munira alisimama pale na Tatu mgongoni. Udongo ulipoanza kuangukia mbao, akasikia kicheko. Kilitoka chini, ndani ya sanduku, kicheko cha mtoto aliyefumba macho kwa mzaha akisubiri kupigwa picha. Mgongoni kwake palikuwa kimya.

"Mjomba," akanong'ona, "subirini. Hamsikii?"

Mikono midogo ikamzunguka shingoni, ikambana kidogo. "Mama," ikasema sauti ya Tatu sikioni mwake, "twende nyumbani."

Mbwana alimtazama, hakusikia kitu yeye, akatupia koleo jingine. Munira alifungua kinywa. Alimhisi mtoto mgongoni, mzima, mwenye joto, na alikumbuka onyo la mzee. Akafunga kinywa. Udongo ukajaa.

Simu hakuifungua mpaka Korogwe. Pale palipokuwa na gauni la njano palikuwa peupe. Kesho yake alirudi Kwamsisi mbio, akafukua kwa mikono huku Mbwana akimshika mabega na kumsihi. Misumari ilikuwa mahali pake. Sanduku lilikuwa tupu, hata kitambaa hakimo, na halikutoa harufu yoyote.

Majirani wa Manundu walimpongeza, wakamwambia amshukuru Mungu. Tatu anakula, anacheza, anaimba, anamwita mama. Yuditha naye alirudi, akaomba radhi kwa maneno yake, akaleta gauni jipya, akamkumbatia mtoto, akataka wapigwe picha. Munira akainua simu. Kwenye kioo cha simu aliuona ukuta, aliiona stuli, akamwona Yuditha amechuchumaa anatabasamu, mkono wake umezunguka hewa.

"Imetoka vizuri?" Yuditha akauliza.

"Imetoka," Munira akajibu.

Sasa ni msimu wa mvua, na udongo wa Manundu unajulikana, unashika mpaka magotini. Watoto wa mtaa wanarudi jioni wekundu, mama zao wanawagombeza. Tatu anarudi pamoja nao kutoka kwenye matope yale yale, nyayo zake safi, haziachi alama sakafuni. Munira kila jioni anachota maji kwenye beseni, anamkalisha kwenye stuli, anamwosha miguu kidole kwa kidole, maji yanabaki maangavu, kisha anayamwaga nje mahali ambapo majirani watamwona akiyamwaga.

"Mama," mtoto alimwambia juzi, kwa upole sana, "mbona unaniosha kila siku? Mimi sichafuki."

Munira hakuinua uso. Aliongeza sabuni, akaendelea kusugua.