Kasha la Bibi Kheiria

Saa 4:00 asubuhi, Ijumaa

Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la vitunguu, huko Mawaleh, Oman, na kilinuka hivyo hivyo. Yaqoob, mkubwa wa genge, alichora nyumba juu ya boksi la ndizi.

"Mlango. Ukumbi. Chumba cha kati. Kasha liko hapa."

"Zito?" aliuliza Hatem, dereva.

"Kuliko akili yako."

Sleyum alicheka kupita kiasi. Yeye ndiye seremala aliyeitengeneza upya milango ya ile nyumba kongwe ya Matrah, na nakala ya ufunguo ilikuwa mfukoni mwake. Nyumba imefanywa makumbusho. Kesho watalii wangeanza kuingia. Kasha lake la kale, lililopambwa kwa misumari ya shaba, lilikwisha kupata mnunuzi.

Lakini Sleyum hakuifuata pesa. Tangu mamake afariki, waliompigia simu ni wawili: Yaqoob, na kampuni ya simu yenyewe, kumkumbusha salio. Akiikataa kazi hii, atabaki na kampuni tu.

"Saa sita na robo mlinzi yuko msikitini," alisema Yaqoob. "Dakika ishirini. Atakayechelewa anaachwa."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa, fundi. Una miguu ya kobe."

Saa 6:17 mchana

Maduka yote Matrah yamefungwa. Khutba inasikika mpaka uchochoroni. Gari la mizigo likasimama, Sleyum akafungua mlango. Kisha akafanya lile ambalo jambazi aliyekomaa halifanyi hata kwa mtutu wa bunduki.

"Hodi!"

Ulimi ulimponyoka tu, mazoea ya kwao. Yaqoob akamtolea macho kama anayetaka kummeza.

"Karibu," ikajibiwa kutoka ndani.

Alikuwa Bibi Kheiria, wa mwisho kuzaliwa katika nyumba ile. Kila Ijumaa aliingia kwa mlango wa jikoni kuifukiza ubani, kama alivyofanya mamake. Hilo halikuchorwa kwenye boksi.

"Mafundi?"

"Ndiyo, bibi," Yaqoob akawahi. "Tunalichukua kasha, likapakwe mafuta."

"Basi nyie bebeni. Huyu mwenye hodi akae na mimi."

Yaqoob akamnong'oneza Sleyum: "Mshughulishe."

Saa 6:24

"Umekula, mwanangu?"

Sleyum akajaribu kukumbuka nani aliyemuuliza hivyo mara ya mwisho. Hakupata jina. Bibi akamkalisha mkekani, akamsogezea tende, akamimina kahawa. Kwa Waomani mgeni akitosheka hukitikisa kikombe. Asipotikisa, hujaziwa tena. Sleyum alikunywa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakutikisa.

"Siku hizi hapigi hodi mtu humu," alisema bibi. "Watu wa makumbusho waja, wapima, wabandika karatasi. Usiguse, usiguse. Nami nusura wanibandike."

Saa 6:35

Honi.

"Fundi! Yalla, twende!" Yaqoob mlangoni, jasho linamtoka. Kasha limeshapakiwa.

Bibi akajaza cha tano. Ilitosha kukitikisa tu, asimame, aondoke. Mkono ukakataa.

"Fundi, nakuacha!"

Sleyum akapiga funda. Mlango wa gari ukabamizwa. Injini ikapanda mtaa, ikapotea, na hakuna aliyerudi kumchukua.

"Wenzako wamekwenda," alisema bibi.

"Bibi, sisi si mafundi."

"Nnajua. Fundi gani afanya kazi saa ya sala ya Ijumaa?"

"Mbona hukupiga kelele?"

"Ungekimbia." Akalitazama pengo chumba cha kati, pale kasha la mamake lilipokuwa. "Sikudhani wangeweza kulinyanyua."

Sleyum akaweka kikombe chini.

"Wamelipeleka Mawaleh. Ghala la vitunguu, mlango wa nyuma." Alijua anamsaliti mtu wa pekee anayempigia simu. "Mwambie mlinzi akirudi. Mimi niko hapa hapa."

Saa 7:20

Mlinzi alikuwa amewapigia polisi simu, na kasha lilikamatwa barabarani, pamoja na Yaqoob na Hatem. Polisi kijana alimtia Sleyum pingu pale pale mkekani, akafungua daftari.

"Nani apigiwe simu kwamba umekamatwa? Ndugu? Rafiki?"

Sleyum akainamisha kichwa.

"Andika Kheiria," alisema bibi, akaanza kutaja namba yake, polepole, polisi asije akakosea.