Muhuri wa Mwalimu Shigela

Jua lilikuwa bado halijachoma, na Mhoja alikuwa keshajaza shuka la kwanza la pamba. Ndivyo asubuhi zake zilivyokuwa tangu amalize kidato cha nne: uji wa mtama, kisha shambani, huko Mwamapalala. Wenzake walishakwenda vyuoni. Yeye alibaki nyumbani mwaka mzima, kwa sababu mama yake alianguka akavunjika mkono, na shamba halikuwa na mtu mwingine.

"Mwangaluka, mayu!" sauti ilimwamkia kwa Kisukuma mama yake, aliyekaa ukingoni mwa shamba. Mwalimu Shigela, mkuu wa shule aliyosoma Mhoja, alishuka kwenye baiskeli akipunga bahasha. "Mhoja, chuo cha sanaa kimekuita! Usaili wa maigizo ni Jumamosi, mjini Bariadi."

Mama alipiga vigelegele vikasikika hadi kwa jirani. Na Mhoja? Aliendelea kuchuma.

"Mwanangu," mama alisema, "kwenye ile fomu ya kuomba chuo uliwaeleza kwamba ulikuwa unanishikia shamba? Wajue hukukaa bure."

"Niliandika, mayu," Mhoja alijibu huku ameinamia pamba.

Hakuandika. Fomu iliuliza: Umefanya nini tangu umalize shule? Mhoja aliona aibu. Nani atamtaka mchuma pamba jukwaani? Akaandika kwamba alikuwa Mwanza, mwigizaji wa kikundi cha maigizo. Tena, jamani, heri angejiponza peke yake! Mwalimu Shigela alikuwa ameshatia saini na kupiga muhuri pale penye maneno "Nathibitisha maelezo haya ni ya kweli", kabla fomu haijajazwa. Siku ile alikuwa anawahi kikao, akamwamini. Ukigundulika uongo, mwalimu naye ataitwa mwongo.

Jumamosi mwalimu alimpakia kwenye baiskeli. Njia nzima alimsifia kila waliyekutana naye: "Huyu anakwenda kusomea maigizo!" Mhoja alitaka kusema. Mara tatu alifungua mdomo, mara tatu akameza mate.

Usaili ulifanyika katika darasa la shule moja mjini. Mwalimu alibaki nje. Ndani walikuwa watahini wawili, na aliyeuliza maswali alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, Bi Jenipha.

"Ulikuwa Mwanza!" alisema akiisoma fomu, uso umemchangamka. "Mimi nimeishi Mwanza miaka kumi na miwili. Vikundi vyote vya maigizo navijua. Wewe ulikuwa kikundi gani?"

Moyo wa Mhoja ulipiga paa! Alijua angeweza kutunga jina lolote pale pale. Lakini macho yake yalitua kwenye muhuri wa bluu chini ya fomu, na saini ya mtu aliyekaa nje akimwombea mema.

"Shikamoo, mama," alisema, akasahau kwamba ameshaamkia. "Sikuwa Mwanza. Nimedanganya. Mwalimu hajui chochote. Nilijaza yeye akiwa ameshapiga muhuri. Naomba mnifute mimi, yeye msimguse."

Bi Jenipha aliweka kalamu chini.

"Mwaka mzima ulifanya nini, basi?"

"Nilichuma pamba. Nikaipeleka kituoni kuuza."

"Hebu tuonyeshe hicho kituo."

Mhoja hakuelewa. "Nionyeshe vipi?"

"Si umekuja kuigiza? Igiza."

Mhoja alianza. Akawa karani wa ushirika, aliyezoea kubembelezwa na wakulima, sasa amekaa na mizani yake bila mteja tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Akawa mnunuzi mgeni aliyeshuka kwenye lori na kumwita kila bibi "mama yangu mzazi". Kisha akawa bibi mwenyewe, amekalia mzigo wake wa pamba katikati, anawakataa wote wawili: "Mzazi wako? Nilikuzaa lini, wewe?" Mtahini wa pili alicheka hadi akafuta machozi. Bi Jenipha alicheka pia, kisha akakunja uso tena.

"Kipaji unacho. Lakini fomu hii siipokei." Alitoa fomu mpya. "Jaza upya. Na mwalimu wako athibitishe upya, akikubali. Akikataa, urudi nyumbani."

Mwalimu Shigela aliitwa. Mhoja alimweleza mwenyewe, neno kwa neno. Mwalimu hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, akaisoma fomu mpya mstari kwa mstari: Nilikuwa nyumbani Mwamapalala, nikimsaidia mama yangu kulima na kuchuma pamba.

"Nami nina kosa," mwalimu alisema hatimaye. "Nilipiga muhuri kwenye karatasi tupu. Sitarudia." Alitoa muhuri kwenye mkoba, akaupulizia, akaugandamiza. "Lakini sikia, Mhoja. Jukwaani uwe mtu yeyote unayetaka. Kwenye karatasi uwe Mhoja. Mtu akikuwekea jina lake, amekukabidhi heshima yake. Kazi ya shambani haina aibu. Aibu ni kuificha kwa uongo."

"Nimekosa, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Futa machozi."

Bi Jenipha aliandika jina la Mhoja kwenye orodha ya waliochaguliwa.

Jioni mama alikuwa anapepeta mtama kwa mkono mmoja. "Wamekuchukua?" aliuliza akisimama.

"Wamenichukua, mayu." Mhoja alipiga magoti mbele yake. "Ile siku nilikudanganya. Sikuandika habari za shamba. Leo ndiyo nimeandika."

Mama aliketi tena. "Na jina langu umeliandika?"

"Nimeandika mama yangu."

"Hilo linatosha," mama alisema, akamsogezea ungo wapepete pamoja.