Aliyekaa Mbele

Siku ya kwanza Obiero alimwita Nasambu kwa sababu ya uzito. Usicheke. Pikipiki yake ya magurudumu matatu, aliyoinunua mwaka wa 1971 na kuifungia viti vya abiria, ilikuwa inaegemea kulia, na pale sokoni Kisumu alitaka mtu wa kukaa kushoto kwake.

"Dada wa gauni la njano! Njoo mbele, gari lisilale."

"Kwani mimi ni gunia?"

"Gunia haliringi hivyo."

Alipanda amenuna, akashuka Manyatta akicheka. Kwa miezi minane kiti kile kikawa chake.

Kisha baba yake Nasambu akamwita nyumbani Bungoma. Mwalimu Wasike ameleta posa. Nasambu alilia wiki tatu, akasusa chakula, mpaka mzee akachoka. "Huyo dereva wako aje mwenyewe kabla ya Jumamosi kuisha. Asipokuja, unaolewa na Wasike."

Ijumaa asubuhi akashuka basi pale Mamboleo, unapoingia Kisumu. Na Obiero huyo akapita! Kando yake ameketi mwanamke aliyejifunika leso nyekundu, leso ya Nasambu mwenyewe, aliyoisahau garini.

Wivu ukamchoma. Mwingine angerudi kwao na basi lile lile. Nasambu alivua viatu, akatimua mbio.

"Obiero! Simama nimwone huyo malaya wako!"

Gari likasimama. Nasambu akaivuta leso kwa nguvu, na mchanga ukammwagikia miguuni. Lilikuwa gunia.

"Ulipoondoka gari lilianza kulala tena," Obiero akasema, kofia mkononi. "Gunia likawa linachafua watu, nikalifunika."

"Kwa leso yangu?"

"Nilikukosa, Nasambu! Ningefanya nini?"

"Hata huwa analiongelesha," akasema mama mmoja wa samaki aliyekaa nyuma. "Sisi tunanyamaza tu."

Nasambu hakucheka. "Baba anakutaka nyumbani kabla ya kesho kuisha, la sivyo naozwa. Unanitaka ama hunitaka?"

"Nakutaka. Nakutaka sana."

"Basi twende Bungoma. Sasa hivi."

"Na hii? Mlima wote ule wa Riat?"

"Ikishindwa, tutasukuma."

Obiero alilishusha gunia kando ya barabara, akawageukia abiria. "Mama zangu, naomba mshuke. Naenda kuoa."

Mama wa samaki alivuta kapu lake karibu, akakaa vizuri zaidi.

"Washa gari, baba. Tukishuka sisi, nani atasukuma?"